Je, Mtu ni Mmoja Ndani Yake?



Mwaka jana, siku mbili tu baada ya fedha za korosho za mnada kuingia, mpwa wangu alifika hapa Lionja kutoka kazini kwake. Yeye ni muuguzi wa magonjwa ya akili, alisomea Dodoma, kule Mirembe. Akanipa shikamoo, akaketi mkekani, akanyamaza. Mpwa anapokuja kwa mjomba na kunyamaza namna ile, na korosho zimekwisha kuuzwa, mjomba hana haja ya kuuliza mara mbili.

“Mjomba,” akasema mwishowe, “nataka kusoma tena. Lakini masomo yenyewe hulipiwa kwa dola.”

Nikamwuliza ni masomo gani hayo. Akanieleza kuwa ni mafunzo kwa wale wanaotibu kwa mazungumzo, na kwamba walimu wake wako Marekani, nao hufundisha kwa njia ya kompyuta. Hufundisha namna ya kusema na mgonjwa kana kwamba ndani yake mna watu wengi, wakubwa kwa wadogo, kila mmoja na shauri lake. Naye alitaka kuitumia njia hiyo kwa ugonjwa mmoja ambao, kwa maneno yake, watu hawauhesabu kuwa ugonjwa. Nilimwambia anipe majuma mawili. Haya ninayoandika ndiyo niliyoyawaza katika majuma hayo, na nimeona niwashirikishe ninyi, maana jambo lenyewe limo katika nyumba zetu na hata katika viti vyetu vya kanisani.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Madaktari huuita kwa herufi tatu za Kiingereza, OCD. Sisi Waswahili tunalo neno la karibu nao tangu zamani, nalo ni wasiwasi. Siku hizi tunalitumia kwa hofu yo yote, hata ya basi kuchelewa; lakini asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni mnong’ono, sauti inayonong’ona ndani ya mtu asipoiita. Ndugu zetu Waislamu wanamfahamu sana mtu wa wasiwasi: hutawadha, akamaliza, akashuku kama maji yamefika kwenye kisigino, akatawadha tena, na tena, hata sala ikampita. Mwanachuoni mmoja wa Balkh, nchi iitwayo leo Afghanistani, jina lake Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na ya nafsi, na humo akautenga wasiwasi huu na huzuni, na hofu, na hasira, akauwekea mlango wake peke yake. Basi tusidhani kwamba ni maradhi ya Wazungu yaliyoletwa na kompyuta.

Huja namna hii. Wazo huingia bila kubisha hodi, tena ni wazo la kuchukiza: mama anayempenda mtoto wake huona katika fikira amemsukuma motoni, Mkristo mcha Mungu husikia tusi katikati ya Misa, Padre anapoinua Mwili wa Bwana. Mtu hushtuka. Hujiuliza, Je, mimi ndiye niliyewaza hivi? Basi moyo wangu ni mbaya kiasi gani? Ili kuiondoa hofu hufanya jambo: husali sala fulani mara kumi, au hunawa, au hurudi mlangoni kuangalia kufuli, au humwendea Padre kuungama. Hupata raha kidogo. Kisha shaka hurudi: Je, nilihesabu kumi au tisa? Je, nilipoungama nilisema yote? Huanza upya. Wapo wanaomaliza nusu ya siku katika kazi hiyo wala hawamwambii mtu, kwa aibu. Inakadiriwa kuwa mtu mmoja hadi watatu katika kila mia hupatwa na ugonjwa huu katika maisha yake. Hesabuni wenyewe tunaojaa hapa siku ya Pasaka.

Sasa hapana budi niseme langu. Mwaka 1986 nilikuwa nafundisha darasa la tano katika shule ambayo sitaitaja. Palikuwa na mvulana mwenye mwandiko mzuri kuliko wote, lakini hakumaliza kazi hata siku moja. Aliandika neno, akalifuta, akaliandika, akalifuta, mpaka karatasi ikatoboka. Madaftari yalikuwa ya shida miaka ile, mnakumbuka, na raba alikuwa akiikata vipande na kuificha. Nilimwonya. Nilimweka mbele ya wenzake. Kisha nikamchapa, si mara moja. Niliandika katika ripoti yake neno “mkaidi”. Alipokuwa darasa la sita hakuonekana tena, nami sikumfuata kwao kuuliza, ijapokuwa kwao si mbali. Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mtoto asiyemaliza kazi ama ni mvivu, ama ni mkaidi, ama ana njaa. Hatukufundishwa la nne.

Na tuseme ningalimbembeleza badala ya kumchapa, ningalimponya? Hapo ndipo ugonjwa huu unapowashangaza watu, maana hata upole huulisha. Mwenye wasiwasi akikuuliza kama mlango umefungwa, ukamjibu umefungwa, utamtuliza kwa dakika tano, nawe umemfundisha kuuliza tena. Mtakatifu Ignatius wa Loyola, mwaka 1522 alipokaa Manresa katika Hispania, alikuwa ameungama dhambi zake zote kwa maandishi, lakini kila siku alikumbuka kijidhambi kingine akarudi kuungama, mpaka akajiwa na mawazo ya kujitupa shimoni. Hakupata nafuu kwa kuungama vizuri zaidi. Aliipata alipokata shauri kutoyaungama tena mambo ya zamani, hata shaka ikipiga kelele namna gani. Naye John Bunyan, yule Mwingereza mwandishi, alisimulia mwaka 1666 jinsi alivyopenda zamani kutazama kengele zikipigwa kanisani, kisha akaanza kuogopa kengele itamwangukia, akasimama chini ya mti wa dari, akaogopa, akasimama mlangoni, akaogopa mnara mzima utaanguka, mwisho akakimbia. Kila alipojikinga, hofu ilisogea mbele hatua moja.

Jambo ambalo Ignatius aliligundua kwa mateso, mwanasaikolojia Victor Meyer wa London alilifanya kuwa matibabu mwaka 1966. Alikuwa na wagonjwa wawili waliokwisha kujaribiwa kila dawa. Akawaweka karibu na kitu walichokiogopa, na wauguzi wakawazuia wasifanye ile ibada yao ya kujisafisha au kurudia. Mgonjwa hugusa kitasa, na hanawi. Hofu hupanda, hukaa, kisha polepole hushuka yenyewe. Au isiposhuka upesi, mgonjwa hujifunza kwamba anaweza kuibeba na bado akapika chakula cha jioni. Njia hiyo imepimwa mara nyingi tangu wakati ule, nayo, pamoja na dawa kama klomipramini na fluoksetini, ndiyo inayotegemewa zaidi hata leo. Lakini si wote wanaoiweza. Wengine hukataa kuianza, wengine huikimbia katikati. Nani atawalaumu? Mwambie mama akae karibu na moto na mtoto wake mkononi, wakati kichwani mwake sauti inasema utamtupa.

Kwa ajili ya hao, akasema mpwa wangu, wako wanaotaka njia ya pili. Ilianzishwa katika miaka ya 1980 na Mmarekani mmoja, Richard Schwartz, aliyekuwa akitibu jamaa nzima pamoja, baba, mama na watoto. Aliwasikia wagonjwa wake wakisema, “sehemu yangu moja yataka hivi, nyingine yakataa”, akaamua kuyachukua maneno hayo kama yalivyo. Hufundisha kwamba ndani ya mtu zimo sehemu nyingi kama watu wa nyumba moja. Wamo wasimamizi, wanaozunguka mchana kutwa kuhakikisha hapatokei baya. Wamo wazima-moto, wanaorukia jambo lo lote, hata la hatari, ili maumivu yanyamaze. Na wamo waliofungiwa chumba cha nyuma, mara nyingi ni wadogo, wenye aibu na hofu za zamani. Juu ya wote iko nafsi yenyewe, iliyo tulivu, ambayo ndiyo ipasayo kuwa mwenye nyumba. Mganga haigombezi sehemu ye yote. Huiuliza: unafanya kazi gani? Unaogopa litatokea nini ukiacha?

Nilipoyasikia hayo nilicheka, mpwa wangu akaudhika. Nilicheka kwa sababu nilikumbuka ngoma za pepo. Ninyi nyote mnajua: mgonjwa hufukizwa ubani, ngoma hupigwa, pepo hupanda kichwani, na mganga humwuliza jina lake, kwao ni wapi, anataka nini. Pepo hujibu kwa kinywa cha mgonjwa kwamba anataka kanga nyekundu, au pete, au mbuzi. Mgonjwa mwenyewe huitwa kiti, maana ameketiwa. Nikamwambia mpwa wangu, “Dola zote hizo, kumbe wanawafundisha kilinge!”

Lakini baadaye, nikiwa peke yangu shambani nikikusanya kuni, niliona kwamba kicheko changu kilikuwa cha haraka. Pepo ni mgeni. Anatoka nje, ana mji wake, anadai malipo, na mwenye mwili ni kiti tu. Zile sehemu za Schwartz ni za mwenyewe. Hazina kwao pengine, wala hazitaki mbuzi. Tena tazameni jinsi tunavyosema sisi wenyewe kila siku bila kufundishwa na mtu. Moyo wangu unanisuta. Nafsi yangu inaniambia. Nina roho mbili juu ya safari hii. Nani anamsuta nani hapo? Anayesuta ni nani na anayesutwa ni nani? Lugha yetu imekwisha kukubali kwamba ndani mna mazungumzo. Ni sisi walimu tuliodai kila mtoto awe na sauti moja, na iwe ile inayojibu “Ndiyo, mwalimu”.

Bado lilinisumbua jambo jingine, nalo ndilo zito. Ikiwa ni sehemu yangu iliyotenda, basi atubu nani? Katika miaka thelathini na zaidi ya kufundisha nimesikia udhuru wa kila namna, mpaka mtoto aliyeniambia, “Si mimi, mwalimu, ni mkono.” Mtume Paulo naye, katika sura ya saba ya Waraka kwa Warumi, analia juu ya mtu atendaye lile asilolitaka, na wapo walioyasoma maneno hayo wakajifanyia mto wa kulalia.

Kwa shida hii msaada wangu ulitoka kwa Mwafrika mwenzetu, Mtakatifu Agostino wa Hippo, katika kitabu cha nane cha Maungamo yake. Alipokuwa akisitasita kumgeukia Mungu aliona nia mbili zikivutana ndani yake. Palikuwa na kundi la watu wa siku zile, Wamani, ambao yeye mwenyewe alikuwa wao zamani, waliofundisha kwamba ndani ya mtu mna roho mbili za asili mbili, moja njema na moja ovu, na ile ovu ndiyo itendayo dhambi. Agostino aliwakatalia. Alisema kwamba yule aliyetaka alikuwa ni yeye, na yule asiyetaka alikuwa ni yeye. Nia ni nyingi, mtu ni mmoja. Naona twaweza kumfuata hapo. Kusema “sehemu yangu” si kosa, mradi neno “yangu” lisidondoke njiani. Baba wa nyumba hawezi kusema mwanawe hakuvunja dirisha la jirani. Lakini kwanza atamwita mwana na kumsikiliza, kisha atakwenda yeye mwenyewe kwa jirani.

Na kwa mwenye wasiwasi jambo lenyewe ni kinyume kabisa cha udhuru. Yeye hakosi kujihukumu. Anajihukumu kwa yale ambayo hakuyatenda wala hatayatenda. Wazo lililopita kichwani bila kuitwa, na ambalo moyo unalichukia, si tendo. Mapadre wa zamani walilijua jambo hili. Walimshauri mtu wa namna hiyo awe na mwungamishi mmoja tu, amtii, na akiambiwa asirudie basi asirudie. Nashangaa kwamba walifika karibu sana na Meyer.

Sasa nije kwenye kasoro ambayo mpwa wangu mwenyewe aliikubali nilipombana. Mwenye ugonjwa huu ni hodari wa mazungumzo ya ndani. Hayo ndiyo maradhi yake. Umfundishe kuziuliza sehemu zake, naye ataziuliza asubuhi, adhuhuri na usiku: Je, umetulia? Una hakika? Je, ni wewe uliyejibu au ni mwingine? Yale maulizo yatakuwa kutawadha kupya. Mganga asiyeujua ugonjwa atafurahi kuona mgonjwa wake ana bidii, kumbe anamkazia kamba. Na njia hii ya Schwartz haijapimwa kwa ugonjwa huu kama ile ya Meyer ilivyopimwa. Je, ni haki kufundisha watu kutibu kwa njia ambayo bado haijapimwa vya kutosha? Mganga akikosea, aumiaye si yeye. Nalijua hilo kwa raba na karatasi iliyotoboka.

Tena kufundisha mwalimu si kumpa cheti. Chuoni tulipokwenda mazoezi ya kufundisha, mkufunzi aliketi nyuma ya darasa na daftari lake, na hapo ndipo nilipojifunza ualimu, kwa jasho. Huko Harare, katika mtaa wa Mbare, mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda aliwafundisha bibi kumi na wanne wa mtaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu wenye huzuni na hofu. Bibi hao hawakuwa na digrii. Walikuwa na mafunzo mafupi, utaratibu ulio wazi, na mtu wa kuwarudia wakikwama. Ilipopimwa katika zahanati za mji ule, na matokeo kutolewa mwaka 2016, watu walioketi na walezi wa benchi walionekana kupata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Kazi ile ilikuwa ya huzuni na hofu za kawaida, si ya wasiwasi mkali wa namna hii. Lakini inaonyesha kwamba kinachohitajika sana ni yule anayeketi nyuma ya darasa. Nasi huku kusini wa kuketi nyuma ni wachache mno.

Hivyo nilikuwa nimekwisha kuamua: fedha zangu zibaki sandukuni. Ndipo nilipokwenda Ruangwa kwa shughuli nyingine, nikaambiwa na mtu kwamba yule mvulana wangu wa darasa la tano ni fundi cherehani huko. Nilizunguka soko mara tatu kabla ya kumwendea. Alinitambua upesi kuliko nilivyomtambua. “Shikamoo, mwalimu.” Ana mvi. Tuliongea habari za mvua na bei ya ufuta. Kisha nikamwuliza lile swali la mpwa wangu, ambalo nilikuwa nimelicheka: zamani zile ulipokuwa unafuta na kuandika, uliogopa litatokea nini ukiacha?

Hakushangaa. Akaendelea kupima kitambaa. Akasema mama yake alikuwa mgonjwa mwaka ule, naye alijua kwamba herufi yo yote ikikaa vibaya, mama atakufa. “Nilijua si kweli, mwalimu,” akasema. “Lakini nani angejaribu?” Mama yake aliishi miaka mingi baadaye. Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza, wala mimi, wala wao nyumbani. Nilimwomba radhi kwa fimbo. Akasema yamepita, lakini aliikunja ile futi yake, akaikunjua, akaikunja tena, nami nikaona afadhali niage.

Siwezi kusema kwamba swali lile lingalimponya. Huenda bado angalihitaji mtu wa kukaa naye huku neno lililopinda likiachwa limepinda mpaka kesho, na mama akaonekana bado yu hai. Lakini sioni jinsi mtu angeweza kumwomba aache bila kujua kwanza ni mzigo gani anaouchukua. Mlango wa kwanza uko kwa Schwartz, kazi yenyewe iko kwa Meyer. Hayo ni maoni yangu mimi, mwalimu wa shule ya msingi.

Nilimwita mpwa wangu nikampa nusu ya fedha alizoomba, kwa sharti. Kwanza ajifunze barabara ile njia ya Meyer, kwa mtu anayeijua na atakayekubali kumsimamia mwaka mzima. Hizo ndizo fedha za nauli na posho. Akimaliza, msimu ujao tutazungumza juu ya dola. Hakufurahi sana. Aliniuliza, “Mjomba, na ni sehemu gani yako iliyoishika hiyo nusu nyingine?” Nikamjibu kwamba ni msimamizi, na kwamba anaogopa mvua zisiponyesha.

Ameniomba jambo moja zaidi, nalo nimelifikisha kwa Padre: apewe saa moja baada ya Misa aseme na akina mama wa Umoja na wazee wa kanisa juu ya ugonjwa huu, hasa namna ya kumjibu mtu anayeuliza swali lile lile mara ya kumi. Padre amekubali. Siku itatangazwa.